Batamzinga Warukao Ua: Sababu Zake na Namna ya Kuwazuia

Katika mitaa iliyo upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, kama vile Kangemi, Kawangware, Riruta, Waithaka, Mutuini na Uthiru, wako watu wengi wafugao ndege nyuma ya nyumba zao. Wengi wana kuku, wengine wana bata, na wachache wana batamzinga. Sababu ya kufuga batamzinga yajulikana. Ndege huyu ana nyama nyingi, na mwezi wa Desemba unapokaribia hutafutwa na hoteli za katikati ya jiji na watu wenye karamu za Krismasi. Mama mwenye batamzinga wanane au kumi walionona vizuri aweza kupata fedha za kumsaidia kulipa karo ya watoto shule zifunguliwapo Januari.

Lakini mfugaji wa batamzinga ana taabu moja ambayo mfugaji wa kuku haijui sana. Ndege wake huruka ua. Asubuhi huwahesabu kumi, jioni huwapata saba. Mmoja yuko juu ya paa la jirani, mwingine amekwisha kula mchicha na sukuma wiki za watu, na wa tatu ameonekana mara ya mwisho akielekea barabara kuu ya Waiyaki Way, penye magari yasiyosimama. Tangu kifaranga aanguliwe mpaka afae kuuzwa hupita miezi sita hivi. Kwa hiyo ndege anayepotea Novemba amekwenda na chakula cha miezi mitano, na mara nyingi amekwenda na ujirani mwema pia.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya jambo hili ni kuongeza urefu wa ua. Huongeza futi moja, ndege huruka. Huongeza futi ya pili, ndege huruka tena. Mwishoni fedha zimekwisha na ndege wako nje. Shabaha ya maelezo haya ni kuonyesha kwamba batamzinga haruki kwa ujeuri. Huruka kwa sababu ana haja fulani ambayo haikutimizwa ndani ya ua. Mtu akizijua haja hizo na kuzitimiza, ua wa kiasi utamtosha.

ASILI YA NDEGE HUYU

Batamzinga si ndege wa Afrika. Asili yake ni bara la Amerika. Wenyeji wa Mexico walianza kumfuga zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na Wahispania wakampeleka Ulaya katika karne ya 16. Jamaa zake wa porini wangali wako Amerika mpaka leo. Mchana hutembea chini wakitafuta mbegu, majani na wadudu. Jua likizama hurukia miti mirefu na kulala huko, mbali na wanyama wawindao usiku. Hawawezi kwenda mbali kwa mabawa, maana misuli ya kifua chao huchoka upesi, lakini kwa mwendo mfupi waweza kuruka kwa kasi ya zaidi ya kilometa 80 kwa saa.

Tabia hiyo haikutoka katika damu kwa kufugwa. Atakaye kuifahamu na amtazame kanga, ndege wetu wenyewe. Kanga naye hutembea chini mchana kutwa, na jioni hupanda mtini. Batamzinga ni hivyo hivyo.

Hata hivyo, batamzinga wote si sawa. Wako weupe wenye vifua vipana, ambao wameteuliwa kizazi baada ya kizazi ili wawe na nyama nyingi. Dume mzima wa aina hiyo aweza kupita kilo 18, na kwa uzito huo hawezi kuruka ua. Lakini wale weusi, wa rangi ya shaba na wa kijivu ni wepesi zaidi, na mabawa yao yana nguvu. Majike ni wepesi kuliko madume, na wachanga ni wepesi kuliko wazima. Basi mwenye kundi na awaangalie kwanza majike vijana, kwa maana hao ndio huanza, na mmoja akisha kuruka wengine humfuata.

HAJA ZINAZOMRUSHA

Sababu ya kwanza ni mahali pa kulala. Saa kumi na mbili jioni, jua linapotua, batamzinga hutazama juu. Asipoona pahali palipoinuka ndani ya ua, ataruka mpaka juu ya ua wenyewe, au juu ya paa, au juu ya mparachichi wa jirani. Asubuhi anaposhuka, huenda akashukia upande wa pili.

Sababu ya pili ni njaa. Ndege huyu hula majani mengi. Akifungiwa penye udongo mtupu, huku akiona shamba la mboga ng'ambo ya waya, hatakaa kwa subira.

Sababu ya tatu ni hofu. Mbwa akipita mbio, mwewe akizunguka juu, au watoto wakimfukuza kwa mchezo, batamzinga huruka bila kutazama aendako.

Sababu ya nne ni mayai. Jike akitaka kutaga hutafuta mahali pa siri, penye kivuli na majani. Asipopata kichaka ndani, hukitafuta nje, akataga huko na kuatamia kwa siku 28, na mwenyewe hudhani kwamba ameibiwa.

Sababu ya tano ni msongamano. Madume wawili wakubwa katika kiwanja kidogo hupigana, na yule aliyeshindwa hana pa kukimbilia ila juu.

KUTENGENEZA UA

Ua wa futi 4 hauwezi kumzuia batamzinga mwepesi. Ua wa futi 6, yaani karibu meta 1.8, huwazuia wengi, mradi mambo matatu yatimizwe.

Kwanza, juu ya ua pasiwe na pahali pa kutua. Hili ndilo jambo linalosahauliwa mno. Batamzinga mara nyingi haruki ua kwa mara moja. Hurukia juu yake, akatulia, kisha akashuka upande wa pili. Fundi akipigilia ubao juu ya nguzo ili ua upendeze, amemjengea ndege ngazi. Afadhali wavu wa waya uzidi nguzo kwa futi moja na uachwe ukilegea. Ndege akijaribu kutua, waya huyumba chini ya miguu yake, naye hurudi chini. Wenye ukuta wa mawe waweza kusimamisha wavu kama huo juu ya ukuta. Mabati hufaa kwa kuwa ndege haoni ng'ambo, lakini makali ya juu yasiwe wazi, maana hukata miguu.

Pili, viondolewe vitu vyote vilivyo karibu na ua ambavyo ndege aweza kuvipanda: mapipa ya maji, marundo ya kuni, mawe ya ujenzi, makreti, na matawi yaliyoinama. Ua wa futi 6 wenye pipa la futi 3 kando yake ni ua wa futi 3.

Tatu, ua usiwe na matundu chini. Katika mitaa hii bado ziko nyua nyingi za kayaba, mti ule wenye miiba mirefu. Kayaba iliyosongamana ni ua mwema kwa wezi na kwa mbwa, lakini ikizeeka hupukutika majani sehemu ya chini, na vifaranga hupenya. Yafaa kufunga wavu wa futi 2 upande wa ndani.

Kwa mwenye kiwanja kidogo sana, kama vilivyo vingi vya Kawangware na Kangemi, ni rahisi zaidi kufunika juu kabisa kwa wavu wa uzi. Wavu huo hauna gharama kubwa, tena huwazuia mwewe.

FITO ZA KULALIA

Ikiwa msomaji atashika jambo moja tu katika maelezo haya, na ashike hili: mpe batamzinga mahali pa juu pa kulala, palipo ndani, naye hatatafuta pa nje. Weka fito imara katikati ya kibanda, mbali na ua, kwa urefu wa futi 2 au 3 kutoka chini. Fito ziwe nene, zisizo na kona kali, kwa kuwa ndege huyu ni mzito na mguu wake ni mkubwa. Fito zote ziwe na urefu mmoja, ili ndege wasigombanie ya juu.

Chakula kikubwa cha siku kitolewe jioni, kama saa moja kabla ya jua kutua, ndani ya kibanda au mlangoni pake. Ndege wakizoea kwamba shibe hupatikana saa hiyo na mahali hapo, watakuja wenyewe, na mlango utafungwa. Vifaranga wafundishwe mapema. Wakiwa na umri wa majuma mawili au matatu huanza kurukia vitu vidogo, na ndio wakati wa kuwawekea fito fupi. Katika nyanda hizi zilizo juu ya meta 1,700, baridi ya Juni na Julai ni kali, kwa hiyo wasitolewe kwenye joto kabla ya kuota manyoya vizuri.

Mchana watundikiwe majani mabichi, kama sukuma wiki zilizozeeka au kabeji, kwenye kamba iliyo sawa na vichwa vyao. Hula, hushughulika, na hawatamani shamba la jirani.

KUKATA MANYOYA YA UBAWA

Baada ya hayo yote huenda wakabaki ndege wawili watatu ambao ni wajuzi wa kuruka. Hao wakatwe manyoya ya ubawa mmoja. Kazi hii haina maumivu ikifanywa sawasawa, kama vile kukata kucha, kwa maana unyoya uliokomaa hauna damu wala mishipa.

Ifanywe na watu wawili, jioni, ndege wakiwa wametulia. Mmoja amshike ndege kifuani, akibana ubawa usiokatwa, na miguu isiachwe kupiga. Wa pili aukunjue ubawa mmoja taratibu mpaka ufunguke kama kipepeo cha mkono. Ataona nje kabisa manyoya marefu kumi. Hayo ndiyo yampayo ndege nguvu ya kwenda mbele. Juu yake kuna safu ya manyoya mafupi yanayofunika mashina. Mkasi mkali upite chini ya ncha za yale mafupi, ukiacha upana wa kidole, na yale marefu kumi yakatwe moja baada ya jingine. Manyoya yaliyo karibu na mwili yaachwe, kwani humpa ndege joto na huzuia mvua.

Ubawa ukatwe mmoja, si yote miwili. Ndege mwenye ubawa mmoja kamili akijaribu kuruka huinama upande, hawezi kuongoza mwili, naye huacha. Aliyekatwa yote miwili hubaki sawa pande zote, na akiwa mwepesi huenda bado akapanda juu.

Kabla ya kukata, kila unyoya utazamwe shinani. Ukiwa shina ni jeupe na gumu, unyoya umekomaa. Ukiwa shina ni la rangi ya samawi au nyekundu iliyoiva, unyoya ungali unakua na una damu ndani, usikatwe. Ikitokea damu kwa bahati mbaya, pabanwe kwa kitambaa safi na unga kidogo wa ngano mpaka ikome, na ndege atengwe na wenzake, kwa kuwa wakiona damu watamdona.

Ifahamike pia kwamba manyoya huota upya. Ndege mzima hupukutisha manyoya karibu kila mwaka, na ndege wachanga hubadili zaidi ya mara moja wanapokua. Kwa hiyo mabawa yakaguliwe kila mwezi. Aliyekata Juni akadhani kazi imekwisha, Novemba atashangaa.

YASIYOFAA KUTENDWA

Wako watu wanaokata ncha ya ubawa pamoja na mfupa, wakisema kwamba hapo hakuna kurudia. Hiyo si kukata unyoya, ni kukata kiungo. Huleta maumivu, damu na vidonda. Wengine hufunga miguu kwa kamba ya katani kutwa nzima. Kamba hukata ngozi, na ndege aliyefungwa hawezi kumkimbia mbwa. Katika Kenya iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na ndege wa kufugwa wamo ndani yake.

Tena mfugaji akumbuke kwamba ndege aliyekatwa manyoya amenyang'anywa silaha yake. Usiku akikutana na mbwa wa mtaani, paka mkubwa au nguchiro, hawezi kujiokoa. Mwenye kukata ubawa amejitwika wajibu wa kujenga kibanda imara na kukifunga kila jioni. Asiyeweza kufanya la pili asifanye la kwanza.

NDEGE AKISHA KUTOKA

Batamzinga aliyetoka nje mara nyingi hana akili ya kurudi. Huenda na kurudi kando ya ua, akilia, akiwatazama wenzake, wala hatafuti lango. Kumkimbiza ni kosa. Ataruka mbali zaidi. Lango lifunguliwe, chakula kitikiswe katika sufuria aliyoizoea, na watu wawili wenye fito ndefu wamwongoze polepole kutoka nyuma. Jioni kazi hii ni rahisi kuliko mchana, kwani ndege mwenyewe anataka kulala na wenzake.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni maradhi. Batamzinga akichanganyika na kuku wa jirani aweza kurudi na ugonjwa wa Newcastle, ambao wengi huuita kideri, au akawapelekea wao. Chanjo ya ugonjwa huo iko, na kila mfugaji yampasa kuchanja. Uko pia ugonjwa wa histomoniasisi, ambao batamzinga huupata penye udongo uliotembelewa na kuku. Vijidudu vyake husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku. Kuku aweza kubeba minyoo hiyo asiugue sana, lakini batamzinga hunywea, huangusha mabawa, hutoa kinyesi cha rangi ya manjano, na wengi hufa. Kwa sababu hiyo batamzinga na kuku wasifugwe katika kiwanja kimoja, na ua una faida mara mbili.

Mfugaji akiona ndege amekufa bila sababu iliyo wazi, asimtupe mtoni wala asimle. Wakazi wa upande huu wa jiji wana bahati, kwa kuwa Kabete iko karibu. Huko ndiko yaliko maabara ya serikali ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo, na pia kitivo cha utabibu wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

HAKI YA JIRANI NA SHERIA YA JIJI

Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kustawisha na kusimamia kilimo cha mjini. Kwa hiyo ufugaji mjini si jambo la kujificha, lakini una masharti. Kabla ya kununua vifaranga, mtu na aende kwa afisa wa kilimo na mifugo wa kaunti ndogo yake, iwe ni Westlands, Dagoretti Kaskazini au Dagoretti Kusini, aulize yanayotakiwa.

Zaidi ya sheria ya jiji kuna sheria ya ujirani. Batamzinga wako akila mboga za mama jirani, usingoje aje kulalamika. Nenda wewe kwanza, lipa hasara, na umwonyeshe unavyotengeneza ua. Watu wengi katika mitaa hii hulima mboga chache kwa ajili ya sufuria ya jioni; tuta moja lililoliwa ni chakula cha watoto. Wengi waliogombana kwa ajili ya ndege hawakugombana kwa ajili ya mboga, bali kwa ajili ya maneno yaliyosemwa baadaye.

KUWAPELEKA SOKONI

Siku ya kuuza ikifika, hatari ya kutoroka hurudi tena. Ndege atolewaye Uthiru kwa matatu mpaka katikati ya jiji, ili apelekwe hotelini au kwa wachinjaji, hupita penye makelele na umati. Ndege mzito akiponyoka katika barabara za jiji ni hasara kwake na ni hatari kwa watu. Asibebwe akining'inia kichwa chini. Na atiwe katika kreti yenye kifuniko, ipitishayo hewa, ambayo kimo chake humruhusu kuketi lakini hakimruhusu kukunjua mabawa. Wasafirishwe asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, nao wawe wamepewa maji usiku.

Basi kwa ufupi, kazi ya mfugaji ina mpango wake. Kwanza fito za kulalia ndani, na chakula cha jioni. Pili vitu vya kupandia viondolewe, na juu ya ua pasiwe na kitulio. Tatu majani mabichi, kichaka cha kutagia na nafasi ya kutosha. Nne, kwa wale wachache wanaosalia, mkasi kwa ubawa mmoja na kibanda chenye mlango. Anayeanza na mkasi akaacha yale matatu ya kwanza ameanza mwisho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mfugaji wa batamzinga, fito moja iliyowekwa leo kibandani yaweza kumwokolea gharama ya ukuta wa kesho.